Aliyekuwa Akituonjea Chumvi

Mimi ni mtu wa kunong'ona. Nikimwamkia mkubwa, shikamoo yangu inaishia kwenye ukosi wa gauni, na mara nyingi ninaulizwa, "Umesemaje, mwanangu?" Naliandika hili mwanzo kabisa, kwa sababu asiyelijua hataelewa nilivyopapenda mahali alipokuwa akipikia mama yangu, pale Nangurukuru, kwenye njia panda ya kwenda Masoko. Pale pote ni kelele. Mabasi ya kwenda Lindi na ya kwenda Dar es Salaam yanasimama, abiria wanashuka na vumbi mpaka kwenye kope, na wauzaji wanakimbilia madirishani na mayai, korosho na machungwa, kila mmoja akipiga kelele kumzidi mwenzake. Lakini kwenye banda la kina mama ilikuwa mwiko kumwita mtu. Anayetaka kula atakuja. Akija, anakaribishwa.

Wapishi walikuwa watatu, na hakuna aliyepika chakula kizima. Mama, ambaye ni Mmachinga kwa kabila, alipika samaki wa nazi, basi. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja Mmatumbi, mwembamba, mwenye mdomo mkali. Huyo alipika wali na maharage. Wa tatu alikuwa mama wa Kimakonde, Mkristo, aliyeteremka kutoka huko juu kwenye uwanda wao akiwa msichana, akaolewa huku pwani na hakurudi tena. Huyo alikuwa na chai, uji na maandazi. Abiria akikaa benchi lolote, sahani yake ilipita mikono yote mitatu kabla ya kumfikia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuipokea mwishoni na kuiweka mbele ya mtu, bila kusema neno. Kazi iliyonifaa kuliko zote duniani.

Nazi zilikunwa kwa pamoja asubuhi. Tui la kwanza, lile zito, lilikwenda kwa samaki wa mama. Chicha ikatiwa maji, ikakamuliwa tena, na tui la pili likaenda kwenye wali wa bibi. La tatu, jepesi kama maji yaliyooshewa mchele, likaishia kwenye maharage. Kwa hiyo wali ule na samaki yule walikuwa ndugu hata kabla hawajakutana kwenye sahani. Fedha nazo zilikuwa na nyumba moja: kopo la maziwa ya unga lililoning'inia kwenye nguzo. Jioni walitoa ya kununulia vitu vya kesho, kilichobaki wakagawana. Wenyewe walisema wanakula kikoa, kama watu wanavyofanya mitaani, leo kwako, kesho kwangu, ila kikoa chao kilikuwa cha kila siku na walikila na watu wasiowajua.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa mambo yao ya Ramadhani. Mchana walishusha pazia la khanga mbele ya banda, wasafiri wasiofunga wakala nyuma yake. Mama na bibi wa wali walipika huku wamefunga, na wao hawakutaka hata tone liguse ulimi. Basi mama wa chai ndiye aliyekuwa akiwaonjea. Mama alichota mchuzi kwa upawa, akamdondoshea kiganjani, yeye akalamba, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza redio, kisha akatoa hukumu. "Ongeza." Au, "Basi hapo hapo." Kwa mwezi mzima ulimi wake ulikuwa ulimi wa banda zima.

"We Mmakonde," bibi wa wali alikuwa akimwambia, "unakula mchana kweupe, halafu unajifanya unatusaidia."

"Na wewe Mmatumbi ukikosa ulimi wangu utawalisha watu mchanga."

"Na Kwaresma yenu je? Si mnafunga na nyinyi?"

"Yetu inakataza nyama, bibi. Samaki ruksa."

Wote wakacheka, maana siku hizo neno ruksa lilikuwa kwenye kila mdomo. Kila kilichokuwa shida kupatikana kilikuwa sasa ruksa. Sukari, ambayo mama alikuwa akiipangia foleni kwenye duka la kijiji tangu alfajiri akiwa amenibeba mgongoni, ikajaa madukani. Mitumba ikamwagwa chini pale njia panda, nami nikapata sketi ya shule yenye mifuko. Mabasi ya watu binafsi yakaongezeka. Nisiseme uongo, mambo mengi yalikuwa mazuri. Hata mama wa chai alisema kwamba sasa chai inafanana na chai.

Nilikuwa kidato cha tatu. Siku za shule nilikaa kwa mama mdogo Masoko, na Ijumaa jioni nilipanda pikapu kurudi kwa mama. Ijumaa moja nilipofika nilimkuta kijana amekaa kwenye benchi letu, kofia ya kapelo kichwani, shati limechomekewa. Alikuwa kondakta wa basi jipya la Dar, lile refu lenye mapazia madirishani. Mama alikuwa akiparua magamba ya samaki, kisu hakisimami, lakini masikio yalikuwa kwa yule kijana.

"Tajiri ndiye kanituma, mama," alikuwa anasema. "Basi letu linataka mahali pake pa kula. Siyo hapa kwenye makuti, utanisamehe. Anajenga ng'ambo pale. Bati juu, chini sementi, meza zina vitambaa. Samaki wako wanatajwa mpaka Kariakoo. Basi likifika linasimama kwako. Wewe tu, mama, peke yako."

"Na wenzangu?"

"Wenzako wana mabasi mengine. Hii ndiyo biashara ya sasa. Kila mtu na chake, mteja achague."

"Na wali nitapika mimi? Na chai?"

"Kila kitu wewe. Faida yote yako, ukishamtolea tajiri chake cha banda."

Bibi wa wali alikuwa hatua chache tu pale, anapepeta mchele, na aliendelea kupepeta. Mama wa chai alikohoa, kikohozi kisichokuwa cha kifua.

Ni lazima nieleze kwa nini mama alilifikiria jambo lile. Baba alikwenda Mtwara kufuata korosho, akaoa huko, akatusahau taratibu, siyo kwa siku moja. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, na masika yakianza tulikuwa tukihamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe kukimbia matone. Mama hakuwahi kuwa na kitu ambacho angesema hiki ni changu, nimekipata mimi. Hata sifa za samaki wale zilisemwa kwa jumla: pale Nangurukuru, kwa wale kina mama. Sasa katokea mtu anasema ni wewe, wewe peke yako. Nilimwona anavyojizuia kutabasamu. Nami nilitaka akubali. Niliiwaza ile sakafu ya sementi, nitakavyokaa juu yake na madaftari yangu bila kuchafua sketi.

Kesho yake aliwaambia wenzake. Alisema akiwa amesimama, mikono kwenye khanga, kama mwanafunzi anayesoma hesabu ubaoni. Nilidhani watamtukana. Kule mitaani watu hugombana kwa ndoo ya maji.

Bibi wa wali alisema, "Nenda, mwanangu. Hatukukufunga kamba."

Mama wa chai akasema, "Ukifika kwenye hiyo sementi, uangalie usiteleze."

Wakacheka wao wawili. Mama hakucheka. Akabeba sufuria lake, upawa wake na kinu kidogo cha kutwangia viungo, akavuka barabara. Mafiga yake matatu aliyaacha, maana ng'ambo alijengewa jiko la matofali.

Nilichotegemea ni kwamba bibi wa wali angeanza kupika samaki. Angeweza; kila mwanamke wa huku anaweza. Jumamosi yake nilitazama kutoka ng'ambo, nikaona mafiga ya mama yako palepale, katikati ya mafiga ya wale wawili, yamefagiliwa vizuri. Hawakupikia kitu cha kuuza. Walikuwa wakiyawashia moto mdogo tu wa kuchemshia maji ya vyombo. Na abiria wa mabasi mengine akiuliza samaki, bibi wa wali alimjibu hivi, nimemsikia kwa masikio yangu, "Samaki yuko ng'ambo, baba. Chukua wali wako hapa, uvuke ukatiwe mchuzi, halafu sahani uturudishie."

Nao walivuka kweli, wanaume wazima na sahani za wali mikononi, wakiangalia magari huku na huku.

"Wananicheka," mama alisema siku ya kwanza.

Lakini hawakuwa wakimcheka. Ilichukua muda mpaka aamini. Walikuwa wakimletea wateja kama zamani, kana kwamba barabara ile ni benchi refu zaidi tu. Na yeye hakuweza kuwarudishia. Abiria wa basi refu akitaka maandazi, mama alitakiwa aseme hakuna, au akimbie kukanda unga mwenyewe, kwa sababu kondakta alikuwa amekataza kabisa kumtuma mtu upande wa pili. Basi mali ikawa inatiririka upande mmoja, kuja kwetu, na kwetu ilifika mwisho.

Halafu kazi. Mama alikuwa sasa na sufuria la samaki, sufuria la wali, birika na chapati. Wali wake siyo mbaya, nimekulia wali huo. Lakini ukiwa unageuza samaki huwezi kuchungulia wali, na ukiwa unachungulia wali chapati zinaungua. Nazi zilizokuwa zikitosha watu watatu zikawa hazimtoshi mtu mmoja, maana alikamua mara moja tu, akatupa chicha, hana nafasi ya kurudia. Na watu wakaanza kusema samaki siyo wale. Samaki walikuwa walewale, mkono uleule, kolekole na changu walewale wanaoletwa kwa baiskeli kutoka Kivinje. Kilichopungua ni ule wali uliokaa pembeni yao. Kondakta alidhani sifa inabebeka kama sufuria. Mama naye alidhani hivyo, masikini. Nami pia.

Juu ya hayo, ng'ambo ile ilikuwa lazima kuita watu.

"Dada, ita abiria!" kondakta aliniambia.

"Karibuni," nikasema.

"Unamwita nani, kaburi? Toa sauti!"

"Karibuni chakula."

Abiria mmoja aliyekuwa karibu yangu kabisa akageuka akaniuliza, "Umesema nini, binti? Choo kiko wapi?" Nikamwonyesha choo. Tangu hapo kondakta hakunituma tena, na nilimshukuru Mungu.

Wiki zile shuleni mwalimu wetu wa biashara alikuwa akitufundisha soko. Ni mwalimu ninayempenda. Anaeleza polepole, na hacheki mtu akikosea. Alichora mistari miwili ubaoni, mmoja unapanda, mwingine unashuka, akaweka nukta pale inapokutana. Alisema kila mtu akitafuta faida yake mwenyewe, soko litajipanga lenyewe, na wote watanufaika. Nilinakili vizuri, na pembeni ya daftari nikachora mafiga. Nilijaribu kuweka banda letu la zamani ndani ya ile mistari. Sahani yetu ilikuwa na bei, hilo liliingia. Tui la pili halikuingia. Bibi anayewatuma wateja ng'ambo hakuingia. Nilitaka kunyoosha mkono niulize vitu hivyo vinachorwa wapi, kwa sababu nilidhani mwalimu angefurahi kuulizwa. Mkono ukafika kwenye kidevu, ukaishia kukuna shavu.

Ramadhani ikaingia. Na hapo ndipo mama alipokwama mahali ambapo hakuna aliyefikiria, hata yeye.

Mchana wa siku ya kwanza, Jumamosi, mama alitia chumvi, akachota mchuzi kwa upawa, akanyoosha mkono pembeni kumdondoshea mtu. Pembeni hapakuwa na mtu. Nilimwona akibaki hivyo, upawa hewani, kisha akaurudisha polepole ndani ya sufuria. Miaka yote, mwezi huu, alikuwa akitia chumvi kidogo na kusubiri neno: ongeza, au basi. Mkono wake haukujua kusimama wenyewe. Nami nilikuwa nimefunga. Wa mwisho aliyebaki ni mtoto wa jirani, kibinti cha miaka michache hivi, aliyekuwa akicheza na vifuniko vya chupa. Mama akamwonjesha.

"Je?"

"Tamu," kile kibinti kikasema, kikaendelea kucheza. Baadaye tuligundua kwamba kwake hata magadi ni tamu.

Basi refu lilipofika, mzee mmoja alikula tonge moja, akaweka kijiko. "Mama," akasema, "bahari yote umeimimina humu?" Kesho yake mama akaogopa, akatia chumvi kidogo mno, wakasema ni samaki wa mgonjwa. Keshokutwa ikazidi tena. Kondakta akaanza kulalamika kwamba abiria wanamchoma maneno mpaka Lindi.

Nilimuuliza mama, "Kwa nini usiende tu kumwomba aonje? Si ni hapo tu?"

"Nikifika, uso nitauweka wapi?" akasema.

Mimi mtu wa aibu nalijua swali hilo kuliko mtu yeyote. Barabara ile ni fupi, mbuzi anaivuka huku anatafuna. Lakini mama aliitazama kama mto uliofurika. Kurudi ilikuwa ni kukiri kwamba peke yake hatoshi, na hilo ndilo alilokuwa ameapa moyoni tangu baba alipoondoka, kwamba peke yake anatosha. Na banda la bati je? Akivuka, kondakta atamnyang'anya. Kwa hiyo alibaki katikati ya hayo mawili, siku baada ya siku, na chumvi mkononi.

Mwaka ule Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na masika yalikuja na nguvu zote. Nilikuwa nimerudi likizo. Jumamosi, mkesha wa Pasaka, habari zikafika kwamba huko Rufiji maji yamefunika barabara na kivuko kimesimama. Mabasi yaliyotoka Lindi yakafika Nangurukuru na kukwama, likiwemo lile refu. Likafika lingine chakavu la kutoka Mtwara, likafika lori lenye watu juu ya magunia. Kufikia alasiri palijaa watu wenye vitoto, wenye kuku, wenye wagonjwa wanaowapeleka hospitali, wengi wao wamefunga, wote wamelowa.

Mama alikuwa amepata samaki wengi siku ile. Mchuuzi wa baiskeli alishindwa kuendelea kwa matope, akamwachia tenga zima. Sufuria kubwa lilikuwa jikoni, mchuzi unachemka, chumvi imeshaingia, na hakuna aliyejua imeingia kiasi gani.

Kondakta alikuja akisugua mikono. "Mama, leo ndiyo siku yetu. Bei inapanda mara mbili. Hawana pa kwenda. Na kwanza wa basi letu, wengine watakula kikibaki."

"Na kisipobaki?"

"Si wana kule kwa wenzako?"

Mama akatazama ng'ambo. Wali wa bibi ulikuwa umeiva, mvuke unatoka kwenye kawa, kile kifuniko cha kusuka. Lakini maharage yalikuwa yamekwisha tangu mchana, niliona sufuria limefudikizwa. Watu walikuwa wakipokea wali mkavu na chai, na bibi wa wali hakuweza kumtuma mtu ng'ambo kwa mchuzi kama kawaida, maana kondakta alikuwa amemsimamisha utingo wake mlangoni petu kuuliza kila anayevuka, "Tiketi ya basi gani?"

Wakati huo mzee mmoja wa lile lori alikuja akiomba kukaa tu, mvua impite, mpaka adhana. Alikuwa amefunga, nguo zake zinachuruzika maji.

"Benchi hizi ni za basi letu, mzee," utingo akasema. Hakusema kwa ukali hata kidogo, kijana wa watu, alisema alichoagizwa.

Mzee akasema, "Haya, baba," akarudi mvuani.

Mama alizima jiko. Alivua khanga ya juu, akaisokota ngata, akaiweka kichwani. Akaniambia, "Nishikie upande huo." Tukaliinua sufuria pamoja, nikiwa na matambara mikononi, likakaa juu ya ngata likiwa bado linatokota.

"Mama, unakwenda wapi na chakula?" kondakta akauliza.

"Kuonjesha," mama akasema.

Akavuka. Mimi nilimfuata na upawa na kawa, matope yanatuvuta viatu, watu wakitupisha kwa sababu ya ule mvuke. Nilitamani ardhi inimeze, watu wote wale wanatutazama. Lakini shingo ya mama ilikuwa imenyooka vizuri sana. Sijawahi kumwona mtu akibeba aibu yake kichwani namna ile, hadharani, bila kuimwaga.

Wale wawili hawakusema pole wala karibu. Bibi wa wali aliondoa birika la maji ya vyombo juu ya mafiga ya mama, akalisogeza pembeni. Sufuria likakaa pale. Moto ulikuwepo. Kisha mama wa chai akanyoosha kiganja chake, kama mtu waliyeachana asubuhi tu. Mama akamdondoshea.

Alilamba. Akafumba macho. Uso wake wote ukakunjamana kama karatasi.

"Mama wee!" akasema. "Chumvi hii ingehifadhi papa mkavu mpaka zipite Idi mbili!"

Halafu mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye magogo na machozi yakamtoka, na sikuweza kujua ni machozi ya nini, nadhani hata yeye.

"Sasa mnacheka nini?" bibi wa wali akasema. "Watu ni wengi, samaki wa sufuria moja hawatoshi hata kunusa. Chumvi iliyozidi ndiyo tunayoitaka. We mtoto, usisimame kama nguzo, kuna nazi."

Nikakuna nazi mpaka vidole vikachubuka. Tui la kwanza likaingia kwenye sufuria, la pili likafuata, la tatu likafuata. Mama wa chai akamenya mihogo aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya futari ya bibi wa wali, ikaingia. Sufuria likawa masufuria mawili, yakawa matatu. Kila walipoongeza, kiganja kikanyooshwa. "Bado kali." Wakaongeza. "Bado." Wakaongeza tena. Mwisho akafumba macho, akayafumbua. "Basi hapo hapo." Chumvi iliyowashinda watu wa basi moja ilikuwa imewatosha watu wa njia nzima.

Adhana ilipoadhiniwa watu walikuwa wameshakaa kwenye masinia, wa basi hili na wa basi lile na wa juu ya magunia, wengine chini ya makuti, wengine chini ya lori. Mzee yule aliyeomba benchi alipewa uji wa kwanza. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa mahali pake kwenye nguzo. Mwenye kitu alitia, asiye nacho alikula, na hakuna aliyesimama karibu nalo kutazama. Nilipita na masinia katikati ya watu wote wale, na hakuna aliyenitaka niseme kitu. Nikajikuta nikisema mwenyewe. "Karibuni," nikasema, kwa sauti yangu ileile ndogo, na wakasikia, maana walikuwa wanakula na palikuwa kimya.

Kondakta alikuja mwisho, na sahani yake ya ng'ambo mkononi. Naye alikuwa amefunga, na ng'ambo palikuwa pamebaki wali na vitambaa vya meza.

"Karibu, baba," bibi wa wali akamwambia. "Huku hatumwiti mtu, lakini aliyekuja hatumfukuzi."

Alikula akiwa amechuchumaa. Baadaye akamwambia mama, bila kumtazama, "Leo imekolea, mama."

"Leo imeonjwa," mama akajibu.

Banda la bati alipewa mtu mwingine wiki ileile, mama mmoja kutoka mjini Lindi, na sikumbuki kama mama alilitazama tena. Mimi nililitazama, kweli. Ile sakafu bado naitamani mvua ikinyesha, na nyumba yetu bado inavuja.

Lakini asubuhi ya Pasaka mabasi yalikuwa bado yamekwama, na kina mama walianza kupika tangu mapema kwa ajili ya wale wasiofunga. Mama wa chai alipita akienda kanisani na gauni jeupe lililopigwa pasi, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alisimama mbali na moto ili lisichafuke, akainama, akanyoosha mkono mrefu juu ya mafiga, kiganja wazi. Mama akamdondoshea.

"Ongeza kidogo," akasema, akajifuta kiganja kwenye majani ya mgomba, akaendelea na njia yake.